Chupa ya bia inarudi, betri iliyokufa haina pa kurudi

Katika Kisangani chupa ya bia hailali njiani. Mtu akimaliza kunywa kwenye nganda ya Makiso au Mangobo, chupa inaokotwa mara moja. Mtoto akiikuta kwenye nyasi anajua ameokota makuta. Sababu ni kwamba chupa tupu ina bei, na watu wanaiita vidanje. Anayekwenda depo bila vidanje analipa bia na chupa pia. Anayekwenda nayo analipa bia peke yake. Hakuna polisi anayesimamia jambo hilo, wala hakuna salongo inayoitishwa ya kuokota chupa za bia. Zinapita mkono kwa mkono mpaka zinafika tena kiwandani.

Tazama sasa betri ya simu iliyovimba, taa ya jua iliyozimika, sharjeri iliyoungua, mawe ya redio yaliyoisha, na sashe na katoni zilizovifunga vitu hivyo siku vilipouzwa. Hivyo vyote vinalala njiani. Vinalala kwenye mifereji ya komini ya Tshopo na Kabondo, kwenye malundo ya takataka nyuma ya masoko, na mvua ikinyesha vinateremka mpaka mtoni. Havina vidanje. Hakuna anayevidai, kwa hiyo hakuna anayevirudisha.

Jambo hili linahitaji uamuzi wa wakubwa wa jimbo na wa mji, na uamuzi wenyewe si mgumu kuueleza. Anayeingiza na kuuza chombo cha umeme, awe na duka barabarani au anauza kwa picha kwenye simu, alazimike kukipokea kikifa. Na kitu kilichokufa kiwe na bei, kama chupa ya bia. Bila hivyo, gharama itaendelea kulipwa na wale ambao hawakupata faida yoyote: watoto wanaochoma nyaya, na familia zinazochota maji karibu na malundo hayo.

Biashara imebadilika, takataka zimeongezeka

Zamani mtu aliyetaka redio alikwenda dukani, akaisikiliza, akapatana bei, na kama ikiharibika alijua mlango wa kurudi. Leo biashara kubwa ya simu, taa, vipaza sauti na betri za jua inafanyika kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Muuzaji anaweka picha na bei, mnunuzi anatuma pesa kwa simu, na mototaksi au tolekiste anapeleka mzigo mpaka nyumbani. Vijana wengi wamepata kazi hapo, akina mama pia, na hata familia zilizokimbia vita zikafika mjini mikono mitupu zimepata pa kuanzia. Hakuna sababu ya kuwalaumu. Lakini mzigo huo unafika umefungwa katika sashe, ndani ya katoni, ndani ya plastiki nyingine. Na simu ikifa baada ya miezi michache, muuzaji amekwisha kubadilisha namba, au anajibu kwamba yeye ni mtu wa kati tu.

Vitu vyenyewe vimetoka mbali. Vingi vinatengenezwa China, vinapita Dubai au vinakuja moja kwa moja, vinashuka bandarini Mombasa, vinavuka Uganda, vinaingia Kasindi, vinapita kwa wachuuzi wa Butembo na kushuka barabara ya taifa namba 4 mpaka Kisangani. Vingine vinapanda mto kutoka Kinshasa ndani ya mashua. Kila mahali pale kuna mtu aliyepata faida kidogo. Kitu kikifa hakuna njia ya kurudi juu. Njia yote ni ya kushuka, na Kisangani iko chini yake.

Kuna jambo lingine la kuumiza moyo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa ya kobalti hiyo inaingia kwenye betri. Inachimbwa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Madini yanatoka kwenye udongo wa nchi hii, yanazunguka dunia, yanarudi yakiwa betri ya simu, na yanatupwa kwenye mfereji wa Kisangani kama maganda ya ndizi. Nchi inayauza kwa tani na kuyatupa kwa vipande.

Kinachotokea kitu kikifa

Wa kwanza kukipokea ni fundi wa simu. Huyu anastahili heshima, maana anafufua vitu ambavyo kwingine vingetupwa. Lakini fundi naye anabaki na mabaki: vioo, mbao za ndani, betri zisizoshika moto tena. Kwa kukosa pa kuvipeleka, anavitupa jioni kwenye lundo lile lile.

Kwenye lundo wanafika watoto. Wanatafuta shaba iliyo ndani ya waya, na njia ya haraka ya kuipata ni kuchoma plastiki. Moshi ule mweusi una sumu inayoingia mapafuni na kukaa mwilini. Betri kubwa za gari na za jua ni hatari zaidi, maana ndani yake kuna risasi na asidi. Mtu anayeivunja kwa jiwe ili auze risasi anamwaga asidi chini na kupeleka vumbi la risasi nyumbani kwenye nguo zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini ambacho ni salama kwa mtoto. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na mtoto anachelewa kusema na kushika masomo. Hasara hiyo hairudishwi na dawa.

Mawe ya redio nayo yana mazoea yake. Wengi waliosoma vijijini wanakumbuka mwalimu akiagiza wanafunzi walete mawe yaliyoisha, yavunjwe, na unga wake mweusi upakwe ubaoni. Mwalimu hakuwa na rangi, na alifanya alichoweza. Lakini unga ule una manganizi, na haufai mikononi mwa watoto wala puani mwao.

Kwa familia zilizohama hali ni mbaya zaidi. Tangu mwezi wa pili mwaka 2023, mapigano kati ya Wambole na Walengola yamefukuza maelfu ya watu kutoka Lubunga na vijiji vya ng'ambo ya kushoto ya mto. Wengine walivuka na kuishi kwenye kambi mjini, wengine kwa ndugu. Umeme wa bwawa la Tshopo haufiki kila kartiye, sembuse kwenye hema. Taa ndogo ya jua na redio ya mawe ndiyo mwanga wao na habari zao. Wanaweza kununua tu kilicho rahisi, na kilicho rahisi kinakufa upesi. Halafu kinabaki pale pale, mita chache kutoka mahali pa kupikia na kulala.

Hapa lazima isemwe pia kwamba anayegawa si tofauti sana na anayeuza. Shirika linalogawia wakimbizi taa za jua linafanya kazi njema, ila kazi hiyo haiishi siku ya kupiga picha ya ugawaji. Siku taa zitakapokufa, aliyezileta awe na mpango wa kuzichukua.

Sheria ipo, mikono haipo

Si kweli kwamba Kongo haina sheria. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011, inayohusu ulinzi wa mazingira, imekubali kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Na tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 kuna Kanuni ya mambo ya kidijitali, inayogusa pia biashara ya mtandaoni na kutaka muuzaji ajulikane kwa mnunuzi. Nchi pia imo katika mikataba ya Basel na Bamako, inayohusu takataka za hatari zinazovuka mipaka.

Lakini aende mtu sokoni leo ahesabu sashe. Amri ya 2017 ilisema "msitumie", bila kumpa yeyote kazi ya kukusanya na bila kukipa kifungashio bei. Mama anayeuza unga angefunga kwa nini kesho yake asubuhi? Amri isiyojibu swali hilo inageuka kuwa sababu ya kumsumbua mama huyo barabarani, wakati aliyeingiza mifuko kwa marobota hasumbuliwi na mtu.

Nchi nyingine zimeshika upande mwingine wa kamba. Ufaransa, tangu mwaka 2006, anayenunua chombo cha umeme analipa kiasi kidogo cha kukiondoa kikifa, na muuzaji analazimika kupokea cha zamani anapouza kipya cha aina ile ile. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2022, hata anayeuza kupitia soko la intaneti lazima awe na namba inayoonyesha amejiandikisha na analipia takataka zake. Asipokuwa nayo, soko lenyewe ndilo linabeba mzigo. Ujerumani, tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2022, masoko ya intaneti hayaruhusiwi kumpokea muuzaji ambaye hakujiandikisha kwa ajili ya vifungashio vyake. Na wasiseme watu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, na mwaka 2024 ikaweka kanuni zinazombebesha mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake.

Kazi haijaisha hata huko. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na asilimia 22,3 tu ndizo zilizokusanywa na kushughulikiwa kwa njia inayojulikana. Kwa Afrika haikufika hata asilimia 1. Kwa hiyo Kisangani haiko peke yake nyuma. Ila mji ulio peke yake na mji ulio na wenzake, wote wawili wanakunywa maji ya mto.

Nani abebe nini

Hatari kubwa ya kanuni yoyote mpya katika nchi hii ni kwamba inaanguka kwa mdogo. Afisa hatakwenda kwa mwagizaji wa makontena; atamsimamisha kijana mwenye simu tano mfukoni. Ndiyo maana vidanje vya vyombo vya umeme vianzie juu, pale vitu vinapohesabiwa: kwenye forodha ya DGDA na kwa wakaguzi wa OCC. Pale idadi inajulikana, na pale mwenye mzigo anajulikana.

Tuseme simu ndogo inawekewa franga 2000 na betri kubwa ya jua inawekewa zaidi. Mwagizaji anaziweka kwenye mfuko maalumu, anaongeza kiasi hicho kwenye bei, na bei hiyo inapita kwa muuzaji wa jumla, kwa muuzaji wa WhatsApp, mpaka kwa mnunuzi. Simu ikifa, yeyote anayeifikisha kwenye depo iliyokubaliwa anachukua franga 2000 zake. Awe mnunuzi, awe fundi, awe mama wa kambini aliyeiokota, pesa ni ile ile. Muuzaji mdogo hajatoa kitu mfukoni mwake. Amepitisha tu, kama mwenye nganda anavyopitisha kazie ya chupa.

Kazi ya muuzaji wa mtandaoni iwe mambo mawili mepesi: aandike jina na mahali anapopatikana, na aseme kitu kikifa kirudishwe wapi. Msimamizi wa grupu naye afanye kile ambacho Ujerumani inadai kwa masoko makubwa: anayekataa kusema mambo hayo mawili, tangazo lake lisipite. Hilo halihitaji bajeti. Tena linamlinda mnunuzi, maana muuzaji anayejulikana ni vigumu kwake kuuza simu mbovu na kutoweka.

Na kazi ya kukusanya ipewe wanaohitaji kazi. Kambini kuna watu wazima wenye nguvu wanaosubiri msaada kwa sababu mashamba yao yako ng'ambo ambako hawawezi kurudi. Wakipewa glavu, mikokoteni, mahali pakavu pa kuhifadhi na malipo kwa kilo, wanaweza kusafisha komini nzima. Watoto wabaki shuleni. Kanuni iseme wazi kwamba depo haipokei kitu kutoka mkononi mwa mtoto, wala shaba iliyochomwa. Mtu akijua shaba yenye moshi hainunuliwi, ataacha kuchoma.

"Hiyo ni RAM nyingine"

Wengi watasema hivyo, na wana haki ya kusema. Tangu mwezi wa tisa 2020 wenye simu walikatwa pesa kwa jina la RAM, orodha ya simu za mkononi: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa. Watu waliona vipimo vyao vinaliwa, wakauliza pesa zinakwenda wapi, na mwaka 2022 serikali ikaiondoa baada ya kelele nyingi. Aliyeungua na uji wa moto hupuliza hata wa baridi.

Tofauti iko katika jambo moja ambalo lazima liandikwe na lionekane: pesa ya vidanje inarudi. RAM ilikwenda na haikurudi. Vidanje haviingii kwenye sanduku la serikali, na mfuko wake usimamiwe na watu wa pande zote: wafanyabiashara, mji, vyama vya raia, na mjumbe wa wakusanyaji wenyewe. Kila mwezi hesabu isomwe hadharani, pamoja na redioni: zimeingia ngapi, zimerudishwa ngapi, zimebaki ngapi. Pesa za vitu ambavyo havikurudi zilipe glavu, depo na usafiri. Kama wakubwa hawako tayari kusoma hesabu hiyo, basi ni afadhali wasianze, kwa sababu wananchi watawafukuza wakusanyaji kwa mawe, na mawe hayo yatamwangukia mama wa kambini.

Wengine watauliza: tukishazikusanya, tutazipeleka wapi? Swali hili ni zito. Na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025, mkataba wa Basel unataka taka zote za vyombo vya umeme, za hatari na zisizo za hatari, zisivuke mpaka bila ruhusa ya nchi inayopokea. Hakuna mtu wa kuzipakia tu kwenye lori na kuzipeleka nje. Lakini kukosa kiwanda hakulazimishi betri ikae kwenye mfereji. Hatua ya kwanza ni kuziondoa kwenye maji na moto: chumba kikavu chenye sakafu ya saruji, mapipa, mizani na daftari. Mafundi wachague vinavyofufuka, vyuma na plastiki vitengwe, risasi na betri za simu zikae peke yake. Mzigo uliotengwa na kupimwa unaweza kupata mnunuzi na ruhusa. Mzigo uliotawanyika kwenye malundo mia hauwezi kupata hata mmoja.

Yasiyosubiri Kinshasa

Forodha ni jambo la Kinshasa, na litachukua muda. Usafi wa mji ni jambo la mji. Meya na maburugumestre wa komini 6 wanaweza kufungua depo moja kila komini, pamoja na wauzaji wakubwa wa simu na mapadri na wachungaji wenye viwanja. Lubunga isisahauliwe, kila mara jambo jema linaishia ng'ambo ya kulia. Muuzaji anayetaka kujipatia jina anaweza kuanza kesho: "leta ya zamani, nitakupunguzia kidogo kwenye mpya." Wateja watamkimbilia.

Nyumbani na kambini nako kuna ya kufanya. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kuwekwa moto. Ikae mbali na watoto, mahali pakavu, ndani ya mkebe wenye mchanga. Mawe ya redio yaliyoisha yasivunjwe na yasitupwe kwenye choo wala kisimani. Yawekwe kwenye bidoni kavu yenye mfuniko. Asidi ya betri ya gari isimwagwe. Waya usichomwe. Katoni safi ina kazi nyingine, isichomwe pamoja na plastiki.

Mji huu umewahi kujifunza jambo la aina hii. Baada ya vita vya siku sita vya mwezi wa sita mwaka 2000, mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki kwenye makartiye, na watoto wakafundishwa wasiguse chuma wasichokijua. Walifundishwa kwa sababu watu wazima walikubali kwamba chuma kile kinaua. Risasi ya betri hailipuki, na kwa sababu hiyo inaonekana kama haina neno. Inamwingia mtoto polepole, bila sauti, na mzazi anadhani mwanawe ni mzito tu wa akili.

Kiwanda cha bia hakikungoja watu wapende usafi ndipo kipate chupa zake. Kiliweka bei kwenye chupa tupu, na watu wakafanya hesabu wenyewe. Gavana, meya na wafanyabiashara wa Kisangani waweke bei kwenye betri iliyokufa, na wamtaje atakayeipokea. Hesabu nyingine wakaaji wataimaliza.